Mkaguzi Anakuja Alhamisi

Barua ya kaunti ilikuja kwa imeili, asubuhi, mimi nikiwa nimesimama jikoni nakoroga uji. Ilikuwa fupi: Alhamisi, baada ya wiki tatu, saa nne, maktaba, uje na faili ya kazi za mtoto. Nilizima jiko. Niliisoma tena, kisha nikamtazama binti yangu aliyekuwa amelala kifudifudi sebuleni akichora winchi.

Alikuwa na miaka tisa na hajui kusoma.

Nieleze kwanza, maana najua msomaji ameshaanza kunihukumu. Binti yetu haendi shule. Wala hatumfundishi nyumbani kwa maana ile tunayoijua sote, ya ubao na ratiba na kengele. Anaishi nasi, na anachotaka kukijua anakiuliza au anakifuatilia mpaka akipate. Huku Maryland sheria inamruhusu mzazi kumsomesha mtoto wake mwenyewe, ila kila baada ya muda mtu wa kaunti hutaka kuona ushahidi kwamba mtoto anajifunza kweli. Kiingereza kina jina la upole kwa mtu huyo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kakamega miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nilimwita kwa jina ninalolijua: mkaguzi.

Ndugu zetu wakisikia habari hii hudhani tumepatwa na wazimu wa Kizungu. Wengine wananiambia hivyo machoni. Mwalimu mzima, mwenye cheti, anakaa na mtoto asiyejua herufi! Wangejua tulivyofika hapo wasingecheka. Alipoanza shule akiwa na miaka sita, wiki ya kwanza alinyamaza darasani. Mwalimu wake alikuwa mtu mwema, simsingizii kitu, alisema atazoea. Mwezi ukapita. Nusu mwaka ikapita. Daktari alisema ni woga, akautaja kwa jina refu ambalo sikulishika. Kisha ule ukimya ukatufuata nyumbani. Jioni moja nilimuuliza kama anataka ugali au wali, akanionyesha sufuria kwa kidole. Nikamuuliza mara ya pili, kwa sauti ya darasani, akaanza kutetemeka. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kujifungua.

Tulimtoa. Mume wangu aliandika barua kwa kaunti, mimi nikasaini, na kwa miezi miwili hatukumwambia lolote la masomo. Sikuwa na mpango. Nilikuwa nataka mtoto wangu aseme tu, hata matusi. Neno lake la kwanza halikuwa la lugha yetu wala hakuniambia mimi. Lilitoka dukani, hapa hapa Langley Park, chini ya nyumba yetu, ambako mama mmoja wa kutoka El Salvador huuza mboga. Alimuuliza kwa Kihispania anataka nyanya ipi, na binti yangu akajibu, kwa Kihispania hicho hicho, ile nyekundu. Nililia palepale kwenye sanduku la vitunguu na nikavisingizia vitunguu.

Tangu siku hiyo tulimfuata yeye. Alijifunza Kihispania kwa yule mama mwenye duka akiwa anampangia ndizi. Alijifunza kubadilisha ratili kuwa kilo ili amweleze bibi yake, kwa simu, uzito wa boga. Tukipanda basi kwenda Wheaton, kwa bikizee ninayemtunza, alikuwa anauliza kuhusu reli mpya inayojengwa njiani: kwa nini wanaacha nafasi kati ya chuma na chuma, kwa nini mawe na si mchanga, yule mtu aliye juu ya winchi anakojoa wapi. Namba alizijua kuliko mimi. Alimpima bikizee presha na kunisomea namba mbili, ya juu na ya chini, na kuniambia kama leo ni nzuri au tumpigie muuguzi simu. Ila herufi hazikumvutia. Alizipita kama mtu anavyompita jirani asiyesalimiana naye. Mume wangu alisema zitakuja. Mimi nilisema ndiyo, zitakuja, na moyoni nikawa nahesabu miaka.

Kwa hiyo barua ya kaunti ilinikuta tayari na hofu ya siku nyingi. Jumapili ile nilifanya kosa la kumwambia dada mmoja tunayesali naye. Ni muuguzi, amekaa hapa muda mrefu kuliko sisi. Alinishika mkono nje ya kanisa, kwenye maegesho, akanisogeza kando.

"Dadangu, unacheza na moto," aliniambia. "Hapa si nyumbani. Huyo mtoto wakimpata hajui kusoma, wata-report. Kuna wale watu wa watoto. Wanakuja na gari, wanamchukua, na hutajua amelala wapi. Wakikuhurumia sana, wanamrudisha shule kwa lazima. Samaki mkunje angali mbichi."

Sijui kama ni kweli. Mpaka leo sijui. Lakini kuanzia siku hiyo kila gari jeupe lililoegeshwa nje ya nyumba yetu nililichungulia kupitia pazia. Na kati ya yale mawili aliyoyataja, sikuweza kuamua lipi baya zaidi, wamchukue au wamrudishe darasani. Nilijua kitakachofuata darasani. Kidole kwenye sufuria.

Sasa, mtu akiogopa hufanya anachokijua. Mimi nilichokijua ni mkaguzi.

Kule kwetu mkaguzi alikuwa haji ghafla, asikudanganye mtu. Habari zilimtangulia kwa siku kadhaa, na siku hizo hatukufundisha. Tuliandika. Tuliandika azimio la kazi la muhula mzima kwa usiku mmoja, tukaweka tarehe za nyuma, tukabadilisha kalamu ili wino usifanane. Madaftari ya watoto yalikusanywa yakatiwa vema kwa kalamu nyekundu. Halafu watoto wakafundishwa jambo moja muhimu: mgeni akiuliza swali, kila mtu anyooshe mkono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu atachagua wa kulia. Mkaguzi aliona msitu wa mikono, akafurahi, akala kuku kwa mwalimu mkuu, akaondoka. Hatukuona haya. Tuliona tumewaokoa watoto na aibu, na sisi wenyewe tukaokoa kazi.

Basi nilikwenda dukani nikanunua madaftari manne.

Nikiyakumbuka yale majuma matatu nasikia vibaya mpaka kwenye meno. Kila asubuhi nilimkalisha mezani. Nilimwandikia hesabu ambazo alizijua tangu zamani, akazijibu, nikatia vema, nikaandika tarehe ya mwezi wa tisa. Kesho yake nikaandika ya mwezi wa kumi. Nilimwandikia sentensi kwa penseli hafifu, akazipitia juu yake bila kujua zinasema nini. Na kwa kuwa nilikuwa na uhakika kwamba mkaguzi atamwambia asome, nilichukua kitabu kidogo cha maktaba, cha bata aliyehamia ghorofani, nikachagua ukurasa wa sita na kumkaririsha. Mistari minane ya Kiingereza. Nilimfundisha mahali pa kuvuta pumzi, na mahali pa kuonyesha kwa kidole ili kidole kifuatane na neno.

"Lakini Mum, hii si kusoma," aliniambia siku ya pili.

"Najua."

"So, ni kudanganya?"

"Ni maandalizi. Rudia kutoka juu."

Alirudia. Alikuwa na kumbukumbu nzuri, masikini, ukurasa mzima aliushika kwa siku tatu. Lakini nilitaka usiwe na doa. Alipokosea neno nilipiga meza kwa kalamu. Sikumpiga yeye. Nilikuwa nimewapiga watoto wengi maishani mwangu, na nilipokuja huku niliapa kwamba mkono wangu umestaafu. Kalamu tu, kwenye meza, tap, arudie. Nilijisifu kwa hilo!

Mume wangu huendesha gari la kusambaza mikate, hutoka alfajiri na kurudi mchana. Alitukuta hivyo siku moja, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Mwalimu," alisema. Huniita hivyo akinitania, lakini siku ile hakuwa anatania. "Unamwandaa nani hapa? Yeye ama wewe?"

Nilimwambia kama ana njia nyingine ya kumzuia mtoto asichukuliwe, aiseme. Alikwenda kuoga.

Na dalili nilikuwa naziona. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nayo mawili. Kwenye basi la Wheaton aliacha kuuliza. Tulipita pale penye winchi naye akatazama magoti yake. Dukani, mama wa mboga alimuuliza jambo, naye akaonyesha. Kwa kidole. Niliona, na nikajiambia amechoka, ikipita Alhamisi atakuwa sawa. Hofu ina akili mbovu namna hiyo. Ilinifanya nimwogope mtu nisiyemjua kuliko kile nilichokuwa nakifanya mwenyewe, mezani kwangu.

Alhamisi nilimvalisha gauni la bluu lenye kola nyeupe. Nilimsuka nywele mistari minne. Tulifika maktaba mapema, nikamkalisha, nikamwambia asiegemee kiti.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sweta, mwenye mafua, na kikombe cha kahawa mkononi. Alipomwona binti yangu alishtuka kidogo, akatabasamu. "Ah, umemleta! Haikuwa lazima," alisema kwa Kiingereza. "Mimi huangalia faili tu, na mzazi."

Nawaomba mlifikirie neno hilo. Haikuwa lazima. Barua ilikuwa imesema uje na faili. Haikuwa imesema uje na mtoto. Niliisoma mara ishirini na sikuona, kwa sababu katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mkaguzi asiyemwambia mtoto asimame asome. Ningeweza kumwambia binti yangu palepale aende akatazame samaki waliokuwa kwenye tangi karibu na mlango. Yule mama alikuwa ameshaanza kufungua faili.

Badala yake nikasema, "Angependa kukusomea."

Mbona nilisema? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu tulikuwa tumejiandaa, na mwalimu aliyejiandaa hataki kazi yake ipotee. Yule mama alisema kwa adabu, sawa, karibu. Binti yangu alisimama. Akafungua kitabu cha bata ukurasa wa sita, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Nilingoja. Mdomo ulikuwa wazi, na kidole kilikuwa mahali pake, ila uso wake ulikuwa umeondoka. Nilikuwa nimeuona uso ule kabla, mbele ya sufuria. Na nikasikia mtu ananong'ona neno la kwanza la ukurasa wa sita, taratibu, kama mwalimu anavyomkumbusha mtoto aliyesahau shairi jukwaani, na mtu huyo alikuwa mimi. Nikanong'ona la pili. Kidole chake kikasogea kwenye neno la pili, kwa utii, bila sauti. Nilinong'ona mstari mzima na kidole kikaufuata mpaka mwisho. Yule mama aliweka kikombe chini.

"Hajui kusoma," nilisema. Ilitoka kwa sauti kubwa, watu wa meza ya pili wakageuka. "Nilimkaririsha. Na haya madaftari tumeyaandika majuma haya matatu. Tarehe ni zangu. Yeye hana kosa. Tafadhali andika kwamba yeye hana kosa."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na yangu iliishia hapo mbele ya tangi la samaki. Nilimvuta mwanangu akakaa. Mkono wake ulikuwa wa baridi na mlegevu. Nilikuwa nasubiri yule mama atoe simu.

Hakutoa. Alipenga kamasi. Alifunua madaftari yangu manne, moja baada ya jingine, akayafunga na kuyasukuma upande wangu wa meza. Akaniuliza huwa tunafanya nini siku ambazo hatumwandalii mtu yeyote. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, Kiingereza changu kikawa kinanikimbia: reli, ratili, presha ya bikizee, ndizi, Kihispania. Aliandika. Sikuweza kuona anachoandika na sikuthubutu kuchungulia. Mwishowe alisema faili hii hawezi kuipitisha, na kwamba nina siku thelathini za kumletea nyingine, yenye mambo hayo niliyomweleza, picha zake na michoro yake, pamoja na maelezo ya kweli kuhusu kusoma: amefika wapi na tunafanya nini.

"Nisipoleta?" niliuliza.

"Hapo itabidi aandikishwe shule," alisema. Hakulisema kwa ukali. Alimtazama binti yangu, akamwambia gauni lake ni zuri, na binti yangu akatazama meza.

Siku nne zilizofuata sitaki kuziandika ila lazima. Hakusema neno. Ijumaa nilimuuliza anataka kula nini, nikageuza uso haraka ili nisione kidole. Jumamosi niliyachana yale madaftari mbele yake nikayatia kwenye takataka, nikamwomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, akaniangalia kama mtu anayesubiri mvua ipite. Jumapili sikwenda kanisani. Miezi mingi tulimngoja arudi, nami nilikuwa nimemrudisha kule kule kwa majuma matatu, na hakukuwa na shule wala mwalimu mwingine wa kumlaumu. Mume wangu alinipa chai. Hakusema nilikuambia. Alikuwa mpole kupita kiasi, na ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini.

Jumatatu baba yake hakuwa kazini, nikamwacha naye; bikizee alipelekwa kliniki na mwanawe, nikarudi nyumbani kabla ya saa nane mchana. Nilivua viatu mlangoni. Mlango wa roshani ulikuwa wazi kidogo, na mume wangu alikuwa huko akitengeneza baiskeli ya mtoto. Nikasikia sauti.

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa safi, ya kawaida, yenye haraka ile ninayoijua.

"No, Baba, hiyo nati inageuka upande ule mwingine. Si uliiona jana?"

Jana. Nilishika ukuta. Mungu ananiona, kilichonijia kwanza ni furaha. Sauti ipo! Haikufa. Nilitaka kupiga kigelegele. Ndipo nikamsikia mume wangu.

"Mama yako anaumia sana. Tumwambie leo?"

"Not yet."

"Mpaka lini?"

Spana iligonga chuma.

"Nikiongea ataniambia nisome page six," alisema. "Nikinyamaza hawezi."

"Alizitupa zile vitu. Hatakuambia tena."

"Ataniambia. Bado anaogopa." Halafu akaongeza, bila uchungu wowote, kama anayeeleza jinsi reli inavyofanya kazi. "Mum akiogopa, si Mum."

Nilisimama pale na soksi zangu kwenye sakafu ya baridi. Yeye hakuwa amepotea. Siku nne nzima alikuwa akiongea na baba yake, na bila shaka na mama wa mboga pia, na pengine na jengo zima, na mtu mmoja tu ndiye aliyefichwa sauti hiyo. Kule shuleni alinyamaza kwa sababu hakuweza kusema. Kwangu alinyamaza kwa sababu alikuwa ameamua.

Nilisukuma mlango wa roshani. Wakanyamaza wote wawili, mara moja, wakatazama chini. Ukimya ule ninaujua. Niliutembelea kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, nikiingia darasani na madaftari kwapani, na siku zote nilidhani ni heshima.